Sura ya Sita: Lebo ya Penseli

Ukivuka Mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni na kushika njia ya kusini, unapita minazi na mkonge mpaka unatokea Ushongo. Mbele ya ufukwe wake, kilomita chache baharini, kuna fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuwa wakipanda kwa wingi kutaga chini ya miti hiyo. Miti ikaisha, mawimbi yakala ardhi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimekwenda. Siku hizi maji yakijaa, pale hubaki bahari tupu. Kasa wenyewe hawakuacha. Bado wanapanda usiku, wanachimba, wanataga, na mayai yao yakiachwa hapo yanaoza kwa maji ya chumvi.

Watu wa Ushongo wanayavusha. Kazi hiyo ina masharti yake. Yai la kasa linatakiwa lihamishwe ndani ya saa chache tangu litagwe, tena lisigeuzwe, kwa sababu kiinitete hujishika kwenye ganda upande wa juu na kikipinduliwa kinakufa. Mayai yanabebwa taratibu, yanavuka kwa mashua, yanafukiwa upya juu ya ufukwe mahali ambapo maji ya bamvua hayafiki. Kisha inajazwa karatasi: tarehe, idadi ya mayai, kiota kilikotoka na kilikohamishiwa. Baada ya miezi miwili hivi, watoto wakishatoka, kiota kinafukuliwa, maganda yanahesabiwa na karatasi inakamilishwa. Takwimu zake zinakwenda kwa shirika la Sea Sense, Dar es Salaam, ambako zinaunganishwa na za Mafia na pwani nyingine. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Ushongo anaweza kukaa mezani na kujua kama kasa wa Tanzania wanaongezeka au wanapungua.

Sura hii inahusu karatasi hiyo. Wanasayansi wanaofanya kazi pamoja huku kila mmoja yuko nchi yake husifiwa kwa kompyuta zao, satelaiti zao na nyaya zinazopita chini ya bahari. Sifa hizo ni za haki. Lakini ukifuatilia kazi zao hadi chini kabisa, unakuta zote zimesimama juu ya maandishi ya yule aliyekiona kitu kwa macho yake na kukishika kwa mkono wake. Maandishi yake yakiwa kamili, umbali hauzuii kitu. Yakikosekana, hata maabara tajiri kuliko zote haina la kufanya. Pwani ya Tanga inalo la kusema katika jambo hili, kwa sababu ya samaki mmoja.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi ya nahodha Hendrik Goosen ilitia nanga East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa ajabu: rangi ya buluu, magamba magumu, mapezi manene kama viungo vya mnyama. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji ule, alimwona kati ya lundo la papa akamchukua. Hakuwa na friza ya kumtosha, na hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia samaki yule ni nani. Kesho yake alimwandikia barua J.L.B. Smith, mwalimu wa kemia aliyekuwa bingwa wa samaki, akachora na picha. Smith alikuwa likizo Knysna, mamia ya kilomita kutoka pale, na posta ilikuwa imeelemewa na barua za Krismasi. Barua ilimfikia tarehe 3 Januari. Alipouona mchoro alitambua kwamba anatazama silikanti, samaki wa ukoo uliodhaniwa umetoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Akapiga simu ya maandishi haraka kwamba mifupa na matamvua vihifadhiwe. Alikuwa amechelewa. Samaki alikwisha kuoza ndani, matumbo yametupwa, imebaki ngozi iliyokaushwa na fundi.

Nasisitiza habari ya matumbo kwa sababu iligharimu miaka 14. Dunia nzima ilijua kwamba silikanti yupo, lakini hapakuwa na aliyeweza kueleza moyo wake ukoje au anazaaje. Mtu aliyemwona na mtu aliyemjua walikuwa katika nchi moja, wanaheshimiana, wanaandikiana kwa adabu, na bado kitu kiliponyoka kati yao kwa kuwa hawakuwa wamepatana mapema nini kifanyike samaki wa namna ile akipatikana.

Smith alijifunza. Alichapisha vipeperushi vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vikasambazwa bandari kwa bandari katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwani. Desemba 1952, Ahmadi Abdallah wa kisiwa cha Nzwani, Komoro, alivua samaki mkubwa kwa mshipi. Mwalimu wa shule, Affane Mohamed, alipomwona sokoni akamkumbuka yule wa kwenye kipeperushi. Samaki akabebwa kuvuka milima hadi kwa Eric Hunt, nahodha wa biashara aliyekuwa na vipeperushi, naye akamtia chumvi, akamchoma sindano za fomalini, akampelekea Smith habari. Smith alipewa ndege ya jeshi la nchi yake akamfuata. Safari hii matumbo yalikuwepo. Kwa macho yangu, shujaa wa mwaka 1952 ni mwalimu Affane. Pesa, ndege na elimu ya Smith vyote vilimsubiri mtu mmoja sokoni atambue alichokuwa anakitazama.

Baada ya hapo Wafaransa, waliokuwa wakitawala Komoro, wakakasirika kuona samaki wao amebebwa, na kwa miaka mingi wakawazuia watafiti wa mataifa mengine. Silikanti wengi wa Komoro wakaenda Paris. Komoro yenyewe, iliyowavua, ikabaki na mifano michache sana.

Tanzania iliingia katika habari hii mwaka 2003, silikanti alipopatikana Songo Mnara, Kilwa. Muda si mrefu wakaanza kutokea Tanga, hasa mbele ya vijiji vya Kigombe na Mwarongo, na kufikia mwaka 2006 idadi ya waliovuliwa Tanzania ilikuwa imepita 30. Aliyewaleta juu ni jarife. Wavu huo wa macho makubwa hutegwa usiku kwa ajili ya papa, na papa walipoadimika maji ya juu, wavuvi wakaushusha kina cha mita 50 hadi 150. Huko ndiko silikanti anakopita. Mchana hujificha mapangoni kwenye miteremko, usiku hutoka kuwinda polepole. Akiletwa juu kwenye maji ya moto hufa, na nyama yake iliyojaa mafuta humharisha mlaji. Kwa mvuvi ni hasara tupu: wavu umechanika, samaki hauziki.

Hata hivyo habari zao hazikupotea, na hilo lina sababu. Tangu 1994 Tanga ilikuwa na mradi wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani, uliosaidiwa na Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN. Mradi huo uliwafundisha wanavijiji kukagua matumbawe, kuhesabu samaki na kuandika walichokiona. Ushongo ilikuwa miongoni mwa vijiji hivyo. Silikanti alipotokea, kulikuwa na ofisa uvuvi wa kumpigia simu, na watu waliozoea kuulizwa: wapi, lini, kina gani? Watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wakawa na kitu cha kufanyia kazi. Kwa upande wa nje walikuwepo Wajapani ambao hawakuwa wageni kwao: maabara ya Norihiro Okada, katika chuo cha teknolojia cha Tokyo, ilikwisha kushirikiana na TAFIRI katika kuwachunguza furu wa Ziwa Victoria. Wakaja pia watu wa makumbusho hai ya samaki ya Aquamarine Fukushima, ambao roboti yao ya chini ya maji iliwapiga picha silikanti 9 wakiwa hai.

Sasa tusogee karibu tuone kazi yenyewe. Maabara ya mbali haihitaji samaki mzima wa kilo 80. Inahitaji kipande cha nyama kidogo kama punje ya kunde, ndani ya kichupa cha ethanoli. Kichupa hicho hakina thamani mpaka kiwe na lebo, na lebo huandikwa kwa penseli, kwa sababu ethanoli ikivuja inafuta wino lakini penseli haiigusi. Karatasi ndogo inaandikwa namba, tarehe na mahali, inakunjwa na kutumbukizwa ndani ya kichupa pamoja na nyama. Namba hiyohiyo inaandikwa kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kisha zinatafutwa ruhusa: kibali cha utafiti kutoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na karatasi za mkataba wa CITES, kwa kuwa silikanti yumo katika orodha ya viumbe waliolindwa kuliko wote na hata kipande chake hakivuki mpaka hivihivi. Ndipo kichupa kinapanda ndege.

Mwaka 2011 majibu yalichapishwa. Watafiti walikuwa wamesoma vinasaba vyote vya mitokondria vya silikanti 21 wa Tanzania na 2 wa Komoro, na kuvilinganisha na vingine vilivyokwisha kuchapishwa. Orodha ya waandishi ina Masato Nikaido na Okada, na ina Semvua Mzighani, Yohana Budeba na Benjamin Ngatunga. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba silikanti anayeonekana kwenye pwani ya bara ni mpotevu aliyesukumwa na maji kutoka Komoro. Ikaonekana kwamba wale wa kaskazini mwa Tanzania, yaani wa Tanga, ni kundi lao wenyewe, lililojitenga na wenzao wa kusini na wa Komoro angalau miaka 200,000 iliyopita. Wa Kilwa na wa Komoro hawakuonyesha tofauti ya maana. Maelezo waliyotoa watafiti yanahusu mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini kandokando ya pwani yetu: huenda ndio unaowazuia wa kaskazini kuchanganyika na wa kusini.

Fikiria jibu hilo limetoka wapi. Mashine ya Tokyo inaweza kusoma herufi za vinasaba bila kukosea, lakini haiwezi kujua nyama hii ilitoka Kigombe na ile Kilwa. Neno "kaskazini" na neno "kusini", ambayo ndiyo roho ya ugunduzi wote, yaliandikwa hapa nyumbani na watu waliosimama kwenye diko samaki akiwa bado ananuka bahari. Ondoa lebo, na zile herufi zote zinabaki kelele.

Miaka miwili kabla, mwaka 2009, serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552 za bahari na nchi kavu, kutoka kaskazini ya mlango wa Mto Pangani hadi kaskazini ya jiji la Tanga. Ushongo, iliyo kusini ya mto, iko nje ya mipaka hiyo. Utafiti wa 2011 uliipa hifadhi hoja ambayo haikuwa nayo mwanzo: kundi hili likiisha, hakuna ushahidi kwamba silikanti wa Komoro watakuja kulijaza.

Wapo watakaosema hii ni sayansi ndogo, ya samaki na vichupa, na kwamba ushirikiano mkubwa hauendeshwi hivi. Basi tuutazame ulio mkubwa kuliko wote. Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, inajengwa mashine ya ITER, yenye kusudi la kuunganisha viini vya haidrojeni na kutoa nishati kama inavyotokea ndani ya jua. Gesi itapashwa joto hadi nyuzi milioni 150, igeuke plazima, na kwa kuwa hakuna chungu cha kuibeba, itashikwa kwa nguvu ya sumaku. Mkataba wake ulisainiwa Paris tarehe 21 Novemba 2006 na washirika 7: Umoja wa Ulaya, Japani, Marekani, Urusi, China, India na Korea Kusini. Hakuna nchi ya Afrika.

Wanasayansi hao hawawezi wote kuhamia Ufaransa, kwa hiyo wamejizoesha kufanya kazi kutoka mbali. Japani ilijenga kituo Rokkasho, mkoa wa Aomori, ili watu wake washiriki majaribio ya ITER wakiwa kwao. Mwaka 2016 walijaribu kuvuta data kutoka Cadarache hadi Rokkasho, wakapitisha terabaiti moja kwa muda wa nusu saa hivi. Marekani na China walitumia hata tofauti ya saa: ikiwa usiku wa manane Hefei, ambako mashine ya EAST ya aina hiyohiyo ipo, San Diego ni asubuhi, kwa hiyo Wamarekani waliweza kushika zamu ya usiku ya Wachina wakiwa wamekaa California, mchana kweupe.

Katika mashine hizi, jaribio moja huitwa pigo. Plazima inawashwa, mara nyingi inadumu sekunde chache, inazimwa. Halafu kuna nafasi ya dakika chache, mara nyingi robo saa hivi, kabla ya pigo linalofuata, na katika nafasi hiyo watu walio mabara tofauti lazima wasome kilichotokea na wakubaliane wabadilishe nini. Hakuna muda wa kuulizana maswali ya msingi. Ndiyo maana kila pigo lina namba yake, na chini ya namba hiyo kimehifadhiwa kila kitu: saa, nguvu ya sumaku, aina ya gesi, kila kipimo na kifaa kilichokichukua. Programu ya MDSplus, iliyotengenezwa na Wamarekani pamoja na Waitalia wa Padova, imeenea duniani kwa sababu iliwapa wote namna moja ya kuhifadhi na kuvuta data hizo. Mashine ya JET, Culham, Uingereza, ilifanya kazi tangu 1983 hadi Desemba 2023, na pigo lake la mwisho ni namba 105,842. Mtafiti wa leo anaweza kufungua pigo la zamani sana na kulitafiti upya, hata kama waliolipiga wamestaafu.

Kwa hiyo wakubwa nao wanaishi kwa lebo. Na silikanti nao wana namba. Samaki wa East London wa mwaka 1938 ni CCC 1 katika orodha ya silikanti wote wanaojulikana duniani, na toleo lake la mwaka 2011 liliandaliwa na Rik Nulens, Lucy Scott na Marc Herbin, kutoka Ubelgiji, Afrika Kusini na Ufaransa. Samaki wa Tanga wamo humo, mmoja mmoja.

Faida ya kuhifadhi hivyo huonekana baada ya miaka mingi. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walirudi kwenye magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa Paris, wote wa kutoka Komoro, wakayatazama kwa mwanga maalumu na kukuta mistari ya umri ambayo hapo kabla haikuonekana. Ilidhaniwa silikanti anaishi miaka 20 hivi. Kumbe anaweza kufikia karibu 100, anakomaa akiwa na miaka zaidi ya 40, na mimba yake huchukua miaka 5. Kwa wavuvi wa Kigombe maana yake ni nzito: jike mmoja aliyenaswa kwenye jarife anaweza kuwa amezaliwa kabla ya Uhuru, na pengo lake halizibwi katika kizazi kimoja cha binadamu.

Hapa ndipo nina neno na sisi wenyewe. Katika ITER, mshirika mdogo anachangia kama asilimia 9 ya ujenzi, na kwa mujibu wa mkataba anapata maarifa yote yatakayopatikana, si asilimia 9 yake. Walikubaliana hivyo kabla ya kumwaga zege. Kwa upande wa silikanti, mwaka 2013 watafiti wa Japani na wenzao walichapisha jenomu za silikanti watano, na watatu kati yao ni wa Tanzania. Mwaka huohuo taasisi 40 za nchi 12 zilichapisha jenomu ya silikanti wa Komoro. Data hizo ziko wazi mtandaoni. Mwanafunzi yeyote anaweza kuzishusha leo. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka uliofuata, na vyuo vyetu vimeunganishwa kwa mtandao wa TERNET. Waya si kisingizio tena. Kinachokosekana ni darasa: mhadhiri anayewaweka wanafunzi wa Tanga, Zanzibar na Dar mbele ya jenomu ya samaki wa Kigombe na kuwaambia waanze hapo, badala ya kuanza na mifano ya vitabu vya nje.

Hayo yanawezekana. Kwa hiyo naomba mambo haya yafanyike. Wanaosaini makubaliano ya utafiti waandike ndani yake kwamba nusu ya kila kipande, na nakala ya kila data, itabaki Tanzania mahali penye friza na umeme wa akiba, na kwamba aliyeijaza karatasi atatajwa jina. Maofisa uvuvi wa Pangani na Muheza wagawiwe vichupa, ethanoli na penseli. Na wewe mvuvi, wa Ushongo, Kigombe au Sange: silikanti akiingia kwenye wavu wako akiwa hai, mrudishe majini papo hapo. Akiwa amekufa, usimtupe. Mpige picha pande zote mbili kwa simu, kwa maana madoa meupe ya kila silikanti ni yake peke yake na hutumika kumtambua. Andika tarehe, saa, mahali na kina cha wavu. Mpigie ofisa uvuvi siku hiyohiyo, na karatasi uliyoandika usimpe yote: baki na nakala yako.